Kabla ya Kujenga Zahanati, Andikeni Mnachohitaji

Mgonjwa akiingia kwa daktari na kusema, "Daktari, nipige sindano," daktari aliye makini hakimbilii sindano. Humketisha mgonjwa, akamwuliza maumivu yalianza lini, yako wapi, yanazidi wakati gani, na ni dawa gani amekwisha kumeza. Mgonjwa huyo ametaja dawa, lakini bado hajataja ugonjwa. Huenda kichwa kinamwuma kwa malaria aliyoipata safarini. Huenda shinikizo la damu limepanda. Huenda anahitaji miwani tu.

Mpenzi msomaji, miradi mingi ya afya katika miji na vijiji vyetu huanza kama mgonjwa huyo. Watu hukutana kanisani, katika baraza la chifu au katika mkutano wa bajeti ya kaunti, na mmoja wao husimama na kusema, "Tunataka wodi ya akina mama." Makofi hupigwa, ombi huandikwa kwa mstari mmoja, na baada ya miaka miwili jengo lenye rangi nzuri husimama likiwa limefungwa kwa kufuli. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayelihudumia usiku, maji yatatoka wapi, wala akina mama wenyewe walikuwa wanalalamikia jambo gani.

Hili si jambo dogo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki kwa muda wa saa chache tu. Kwake yeye, jengo lililofungwa na jengo ambalo halijajengwa ni mamoja. Ndiyo maana leo tutajifunza kazi ambayo wengi huiona ni ya wahandisi na makarani peke yao: kukusanya mahitaji ya mradi na kuyaandika kwa maneno yaliyo wazi. Ni kazi ambayo mwalimu, mfanyabiashara, katibu wa chama au mwanakamati wa zahanati anaweza kuifanya vizuri akijua njia.

FUNZO LA MITAMBO YA MWAKA 2015

Tuanze na mfano ambao nchi nzima iliushuhudia. Mnamo Februari 2015 serikali ya kitaifa ilitia sahihi mikataba ya kukodisha mitambo ya matibabu kwa hospitali 98: mbili katika kila mojawapo ya kaunti 47, na nyingine nne za kitaifa. Mpango huo ulikadiriwa kugharimu shilingi bilioni 38 kwa miaka 7. Ulihusu vifaa vya upasuaji, eksirei, vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo.

Nia ilikuwa njema, na mahali ambapo mambo yote yalikuwa tayari wagonjwa walinufaika. Mgonjwa wa figo ambaye zamani alilazimika kusafiri hadi Nairobi mara mbili kwa wiki aliweza kusafishwa damu karibu na kwao. Hata hivyo, kamati maalumu ya Seneti iliyochunguza mpango huo, na ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 2020, ilieleza kwamba kaunti hazikushauriwa ipasavyo, na kwamba katika baadhi ya hospitali mitambo ilikaa bila kutumika. Mahali pengine hapakuwa na chumba kinachofaa, pengine stima au maji hayakutosha, na pengine hapakuwa na mtaalamu wa kuiendesha.

Chukua mashine ya kusafisha damu peke yake. Kipindi kimoja cha saa 4 hutumia kiasi cha lita 120 za maji yaliyosafishwa kwa namna ya pekee. Kwa hiyo anayeandika tu "tunahitaji mashine ya figo" ameandika nusu ya hitaji. Nusu ya pili ni maji, mtambo wa kuyasafisha, stima isiyokatika ovyo, muuguzi aliyefunzwa kazi hiyo, na fedha za kununua vifaa vya kila kipindi. Nusu hiyo isipoandikwa, hakuna atakayeitengea bajeti.

Jambo la pili ni kwamba mahitaji ya mahali pamoja si ya mahali pengine. Desemba 2018 serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote, ilichagua kaunti nne zenye hali tofauti: Kisumu, Machakos, Isiolo na Nyeri. Nyeri ilichaguliwa kwa sababu ya uzito wa magonjwa yasiyoambukizwa, hasa kisukari na shinikizo la damu. Sasa fikiri. Mzee wa Mukurweini mwenye kisukari hahitaji kulazwa wodini. Anahitaji kupimwa sukari kila mwezi karibu na nyumbani, dawa isiyokosekana, na mtu wa kumkagua miguu kabla kidonda hakijaoza. Kijiji chenye wazee wengi wa namna hiyo kikiomba wodi, huenda kimeomba dawa ya ugonjwa wa kijiji kingine.

HATUA YA KWANZA: TENGANISHA SHIDA NA DAWA

Ukisikia ombi, uliza "kwa nini?" Ukijibiwa, uliza tena. Usiulize kwa ukali wa polisi, bali kwa upole wa mtu anayetaka kuelewa. Tuchukue mfano wa kijiji cha kubuni kwenye miteremko ya Kieni, ambako wananchi wanataka wodi ya kujifungulia.

Kwa nini mnataka wodi? Kwa sababu akina mama wanajifungulia njiani. Kwa nini wanajifungulia njiani? Kwa sababu wakishikwa na uchungu usiku hukuta zahanati imefungwa, na hospitali iko mbali. Kwa nini zahanati imefungwa usiku? Kwa sababu muuguzi ni mmoja, na jioni hupanda matatu kurudi mjini. Kwa nini harudi karibu? Kwa sababu hapa hapana nyumba ya kupanga.

Umeona tulikofika? Tulianza na wodi, tukaishia kwa nyumba ya muuguzi na idadi ya wauguzi. Wodi inaweza kuhitajika pia, lakini ikijengwa peke yake akina mama wataendelea kujifungulia njiani.

Hapa fanya hesabu kidogo. Wiki ina saa 168. Muuguzi anayefanya kazi saa 40 kwa wiki hujaza chini ya robo ya saa hizo. Wauguzi wanne hujaza saa 160, na bado hatujahesabu likizo, ugonjwa na mafunzo. Kwa hiyo zahanati inayotaka kuhudumia wajawazito usiku na mchana inahitaji wauguzi wasiopungua watano kwa zamu ya mtu mmoja mmoja. Kamati ikiijua hesabu hii mapema, itajua la kuiuliza kaunti kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.

HATUA YA PILI: WATAFUTE WASHIKADAU WOTE

Washikadau ni wote wenye lao katika mradi: atakayeutumia, atakayeuendesha, atakayeulipia, atakayeutunza, na yule ambaye unaweza kumletea madhara. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika mradi wa zahanati wanaolala kwenye kitanda hicho ni wengi kuliko wanaoketi katika meza ya mbele.

Orodha ya kuanzia ni hii:

1. Wagonjwa wenyewe: wajawazito, wazazi wenye watoto wachanga, wazee, watu wenye ulemavu, vijana.
2. Wahudumu: muuguzi, tabibu, mtu wa maabara, mhudumu wa afya wa kijiji.
3. Wale wasiotajwa: mfagizi, mlinzi wa usiku, anayechoma taka, mwendeshaji bodaboda anayeleta wagonjwa saa nane za usiku.
4. Wenye fedha na mamlaka: idara ya afya ya kaunti, mwakilishi wa wadi, wafadhili, kanisa kama lina sehemu yake.
5. Majirani: mwenye shamba linalopakana na kiwanja, na wanaotumia mto ulio chini ya zahanati, kwa maana maji machafu yatateremka kwao.

Usimdharau mfagizi. Yeye ndiye anayejua kwamba sakafu ya sementi mbaya haioshiki damu, na kwamba mfereji ulio nje huganda kwa uchafu wakati wa masika. Mlinzi naye anajua ni akina mama wangapi walibisha mlango usiku wakaondoka. Idadi hiyo haimo katika daftari lolote.

Mhusika mwingine anayesahauliwa ni mwenye jukumu la kisheria. Tangu Katiba ya mwaka 2010 kuanza kutekelezwa, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Zamani, hasa baada ya uhuru wa mwaka 1963, wananchi walichanga kwa harambee wakajenga zahanati kwa tumaini kwamba serikali ingeleta wahudumu na dawa, na mahali pengine tumaini hilo halikutimia. Baada ya mwaka 2003 hazina ya maeneo bunge nayo ilijenga nyingi. Majengo yalipatikana, lakini mshahara wa muuguzi ulikuwa katika mfuko mwingine. Basi kabla ya kuchanga hata shilingi, pata maandishi ya idara ya afya ya kaunti yakisema ni nani atakayeajiri na kwa bajeti ya mwaka gani.

HATUA YA TATU: ULIZA KWA NJIA ZAIDI YA MOJA

Baraza ni zuri kwa kutangaza jambo, lakini si zuri kwa kusikia kila kitu. Mbele ya wazee, msichana wa miaka 17 hatasimama aseme kwamba anaogopa kwenda zahanati kwa kuwa dirisha la dawa linatazamana na barabara. Mwanamume hatasema hadharani kwamba ana kifua kikuu. Kwa hiyo baada ya baraza fanya mambo mengine matatu.

La kwanza, zungumza na watu faraghani au katika vikundi vidogo vya wanaofanana: akina mama peke yao, vijana peke yao, wazee peke yao. Uliza juu ya tukio lililopita wala si juu ya ndoto. Ukimwambia mama, "Ungependa zahanati iwe na nini?" atakutajia kila kitu alichokiona katika hospitali kubwa. Lakini ukimwambia, "Mama, mara ya mwisho mtoto alipougua usiku mlifanya nini?" atakusimulia kila kitu: nani alibeba tochi, bodaboda ilidai pesa ngapi, walingoja wapi, walirudishwa kwa nini. Katika simulizi hiyo mahitaji yamo tayari, yanangoja kuandikwa.

La pili, nenda utazame kwa macho yako. Keti katika zahanati tangu asubuhi hadi adhuhuri, siku ya soko na siku isiyo ya soko. Hesabu watu, tazama wanakopanga foleni mvua inaponyesha, na angalia mahali muuguzi anaponawa mikono. Utaona mambo ambayo wahudumu wenyewe wameyazoea hata hawayasemi.

La tatu, omba muuguzi mkuu akuonyeshe jumla za daftari za miezi 12, bila majina ya wagonjwa, kwa maana siri ya mgonjwa si mali ya kamati. Wangapi walitibiwa kila mwezi? Magonjwa gani yaliongoza? Wajawazito wangapi walianza kliniki, na wangapi walijifungulia hapo? Pengo kati ya tarakimu hizo mbili ni swali la kuulizwa.

HATUA YA NNE: ANDIKA KWA MANENO YANAYOPIMIKA

Hapa ndipo miradi mingi huharibika. Maneno kama "ya kisasa", "ya kutosha", "bora" na "haraka" hupendeza masikioni, lakini kila mtu huyaelewa kivyake. Kwa mwanakandarasi, tangi "la kutosha" ni lile lililo rahisi dukani.

Hitaji likiandikwa vizuri hujibu maswali matano: Ni nani anayehitaji? Anahitaji nini? Kwa kiasi gani na wakati gani? Kwa sababu gani? Na tutajuaje kwamba limetimizwa? Andika hitaji moja katika sentensi moja, na ulipe nambari ili lisipotee katika mabishano. Linganisha mifano hii.

Ovyo: "Zahanati iwe na friji." Bora: "Muuguzi wa chanjo anahitaji friji ya chanjo inayodumisha nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi usiku na mchana, hata stima ikikatika, kwa sababu chanjo ikipata joto hupoteza nguvu na nyingine zikiganda huharibika. Itapimwa kwa kusoma kipimajoto asubuhi na jioni kwa siku 14 kabla ya kupokelewa." Kwa maneno hayo hakuna atakayeleta friji ya soda.

Ovyo: "Chumba cha kujifungulia kiwe kizuri." Bora: "Mama na mtoto mchanga wanahitaji chumba kisichopungua nyuzi 25 za Selsiasi na kisichopitisha upepo, hata saa tisa za usiku mwezi wa Julai, kwa sababu mtoto mchanga hupoteza joto upesi na baridi inaweza kumwua." Hitaji hili aghalabu husahauliwa na mchoraji anayetoka penye joto. Wewe unayeishi Nyeri, Naro Moru au Nanyuki unaijua baridi ya Julai, na ukungu unaoshuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya. Usipoiandika, ramani itakuja na madirisha mapana ya pwani.

Ovyo: "Walemavu wafikiriwe." Bora: "Mgonjwa wa kiti cha magurudumu anahitaji kuingia bila kubebwa, kwa njia ya mteremko ambayo kila sentimita 1 ya kupanda ina sentimita 12 za urefu." Maana yake, kama sakafu imeinuka nusu mita kutoka ardhini, njia hiyo itakuwa na urefu wa mita 6. Je, kiwanja kina mita hizo? Ni heri kujua sasa kuliko siku ya ufunguzi.

Na maji je? Usiandike "tangi kubwa". Shirika la Afya Duniani limetoa vipimo vya chini: lita 5 kwa kila mgonjwa anayetibiwa akarudi nyumbani, lita 40 hadi 60 kwa siku kwa kila aliyelazwa, na lita 100 kwa kila mama anayejifungua. Tuseme kijiji chetu cha mfano kinatarajia wagonjwa 60 kwa siku, kujifungua 2, na akina mama 4 waliolazwa. Wagonjwa wa kutwa watahitaji lita 300. Wanaojifungua watahitaji lita 200. Waliolazwa, kwa kipimo cha juu, watahitaji lita 240. Jumla ni lita 740 kwa siku. Ikiwa mfereji hukauka siku 3 mfululizo, akiba inayohitajika ni lita 2,220. Basi andika tangi lisilopungua lita 2,500. Vyoo vya kuvuta maji vikiwapo, ongeza.

Kieni ni kukavu kuliko Mathira au Othaya, kwa hiyo mabomba ya kukinga maji ya paa si pambo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 10 hukusanya lita 1,000, ukiacha kiasi kidogo kinachopotea. Hiyo nayo ni hitaji la kuandikwa.

HATUA YA TANO: PANGA KWA UZITO, AMUA MIGONGANO

Fedha hazitoshi kamwe. Gawa mahitaji katika mafungu matatu: yale ambayo bila hayo zahanati haiwezi kufunguliwa, yale yanayofaa sana lakini huduma inaweza kuanza bila hayo, na yale yanayoweza kungoja. Ukiona kila kitu kimeingia fungu la kwanza, ujue kazi ya kupanga haijafanyika.

Migongano haikosi. Wafanyabiashara watataka zahanati iwe karibu na soko, wazee karibu na kanisa, vijana mahali penye faragha. Usiamue kwa sauti kubwa zaidi. Rudini kwenye shida mliyoiandika katika hatua ya kwanza, mwulize: ni uamuzi upi unaompunguzia mama mwendo wa usiku? Kisha andikeni uamuzi, sababu yake, na nani alikubali kuachia lake. Mwaka ujao kutakuwa na kamati nyingine, nayo itauliza.

Andikeni pia mipaka ya mradi, yaani mambo ambayo hamwezi kuyabadilisha: kiasi cha fedha, ukubwa wa kiwanja, hatimiliki iko kwa jina la nani, na siku ambayo fedha za mwaka huisha. Hali kadhalika andikeni yale ambayo mradi huu hautafanya. Kijiji kikijua tangu mwanzo kwamba upasuaji utaendelea kufanyiwa hospitali kubwa, hakitasema kimedanganywa.

Halafu kuna gharama za kila mwezi: stima, dawa, sabuni, mshahara wa mlinzi, matengenezo. Sheria ya mwaka 2023 kuhusu fedha za vituo vya afya vya umma inaviruhusu vituo hivyo kubaki na mapato yao kwa kuboresha huduma. Ulizeni mapato hayo yatakuwa kiasi gani na yatalipia nini hasa.

HATUA YA SITA: WASOMEE WATU MLICHOANDIKA

Daktari mwema humrudia mgonjwa kwa kusema, "Nimekusikia ukisema hivi na hivi, je, ni sawa?" Fanyeni vivyo hivyo. Rudini kwa akina mama, kwa muuguzi, kwa mfagizi, mkawasomee mahitaji yanayowahusu kwa lugha wanayoielewa vyema, Kikuyu kikihitajika. Nyanya wa miaka 70 akisema, "Sivyo nilivyosema," shukuruni. Kurekebisha karatasi hakugharimu kitu, lakini kubomoa ukuta kunagharimu.

Watu wakikubali, wawakilishi wa kila kundi watie sahihi. Kuanzia hapo, badiliko lolote liandikwe: nani ameliomba, kwa nini, litaongeza shilingi ngapi, na nani ameliidhinisha. Mradi ambao hubadilishwa kwa simu za usiku hauna mwenyewe.

Ikiwa mfadhili anataka kuwaletea kifaa kama zawadi, tumieni karatasi hiyo hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2000 kuhusu misaada ya vifaa vya hospitali unasema msaada umfae anayeupokea, uheshimu matakwa yake, usiwe wa ubora ambao mtoaji mwenyewe angeukataa, na utanguliwe na mazungumzo kati ya pande mbili. Kukataa mashine isiyo na vipuri si utovu wa shukrani.

HATUA YA SABA: SIKU YA KUKABIDHIWA

Siku ya kupokea mradi, kabla ya kukata utepe, shikeni orodha yenu mpite nayo chumba hadi chumba. Fungueni mfereji. Zimeni stima mwone kama friji inaendelea kudumisha baridi. Sukumeni kiti cha magurudumu kutoka langoni hadi chooni. Kila nambari itiwe alama: limetimizwa au halijatimizwa. Malipo ya mwisho yangoje alama hizo. Katiba, katika kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, kwa hiyo mnaweza kuomba nakala ya makubaliano na mwanakandarasi mwilinganishe na orodha.

PELEKENI WAPI, NA LINI?

Karatasi nzuri ikifika kwa kuchelewa ni sawa na dawa iliyofika baada ya mazishi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, lakini milango hufungwa mapema. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Taarifa ya sera za fedha ifikapo tarehe 28 Februari. Na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Anayesubiri mkutano wa Mei aanze kupaza sauti amekuta chakula kimekwisha kugawanywa. Pelekeni karatasi yenu kwa idara ya afya na kwa mwakilishi wa wadi kabla ya Agosti kwisha, na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa.

KWA UFUPI

Kabla ya kuunga mkono mradi wowote wa afya, uwe ni zahanati, gari la wagonjwa au chumba cha huduma ya kwanza cha shule, uliza maswali haya:

1. Shida ni nini, na tumeijuaje?
2. Ni nani ambaye bado hatujamwuliza?
3. Je, kila hitaji limeandikwa kwa kipimo, wala si kwa sifa?
4. Ni lipi ambalo bila hilo huduma haiwezi kuanza?
5. Nani ataendesha, kwa fedha za mfuko gani, baada ya mwaka wa kwanza?
6. Waliotuambia wamesomewa wakakubali?
7. Siku ya kupokea tutapima vipi?

Maswali saba yakikosa majibu, msitie sahihi. Mkutano mmoja zaidi utawachelewesha wiki mbili. Jengo lisilo na maji wala muuguzi litamchelewesha mama mmoja usiku mmoja tu, na huo unatosha.

Jumapili hii au siku ya mkutano wa chama chenu, chukua daftari la kawaida. Andika juu yake shida moja ya afya mtaani mwenu, kisha umwulize mtu mmoja anayeishi nayo akusimulie mara ya mwisho ilipompata. Andika maneno yake jinsi alivyoyasema. Hayo ndiyo mahitaji yako ya kwanza.